Hotpoti ya Utafiti

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu anatafiti saratani ya figo! Mwanangu mimi, niliyeishia darasa la nne! Ndiyo iliyomchukua baba yake, tukaigundua maji yameshafika shingoni. Leo kanieleza jikoni. Mwilini kuna vitu vinaitwa RNA. Vingine vina maelekezo ya kutengeneza protini. Vingine havitengenezi kitu, vinaamuru wenzao tu: wewe fanya, wewe nyamaza. Vikienda kombo, saratani huweza kuota, na huenda dalili zikaonekana mapema kwenye mkojo. Nikamwambia nimeelewa, ni wifi yangu mtupu. Hapiki, haoshi, lakini chungu hakiinjikwi bila amri yake. Kacheka. Halafu kanywea. Wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa hawajitokezi. Wasipotimia Ijumaa, utafiti unafungwa.
Unafungwa? Nikiwa hai?

Jumanne, 5 Machi
Nimealika majirani chai. Chai juu ya chai! Kila aliyeomba choo, nimempa chupa. Fundi cherehani kauliza kama ni uchawi. Nikamjibu ni sayansi, na mama wa daktari haulizwi maswali. Wifi kagoma. Eti mtoto wa kaka yake kasoma kote huko aje kuchungulia mikojo! Nikamwambia afadhali mikojo kuliko umbea.

Jumatano, 6 Machi
Nimefika maabara kifua mbele. Chupa zote ndani ya hotpoti, na taulo juu, zisipoe. Kitu kikipoa si kinaharibika? Mlinzi kauliza kama ni mchuzi. Binti yangu kashika kichwa. Kumbe sampuli hukaa kwenye barafu! Joto linavunja RNA. Tena kila mtu lazima aelezwe kwanza, akubali mwenyewe. Zote zimemwagwa. Profesa wake kasema hajapata kuona mama kama mimi. Nimeshukuru.

Alhamisi, 7 Machi
Wifi kacheka mpaka kakohoa.  Kisha kasema kaka yake hakuipata bahati ya kupimwa mapema. Basi kakaa barazani, hakuinua hata unyayo. Kaamuru tu: fundi, kesho nenda maabara. Muuza nyama, nenda, na mkeo. Wote wakaitika naam! Mimi ilibidi niwape chai kwanza.

Ijumaa, 8 Machi
Foleni mpaka nje! Wametimia! Nimempa wifi kiti changu, ila nimewaambia watu wazo lilikuwa langu. Binti kanikumbatia, kanisihi nisikusanye tena chochote kitokacho mwilini mwa mtu. Nimeapa.
Wakati wa kutoka nimemsikia profesa akisema hatua ijayo ni damu.
Nimempitia kinyozi. Kasema nyembe mpya anazo.