Utepe wa Njano wa Chuo cha Haki Jinai, Luhembe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu ya majukumu mazito hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika na kimevishwa kitambaa cheupe. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naambiwa yuko Mikese anamalizia mishikaki. Ndugu yangu Sufiani, Mtendaji wa Kijiji hiki cha Luhembe na mshereheshaji wetu wa leo. Wazee wa koo zote. Viongozi wa dini zote mbili. Mastekiholda wa ndani na nje ya kata. Akina mama mliokuja na majembe, sijui kwa nini, lakini karibuni. Wahitimu wetu saba. Mbwa wa Bwana Paulo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa tutaunda kamati.

Shikamooni wazee! (Marahaba ya watu wanne.) Nimesema shikamooni wazee! (Marahaba ya watu watano.) Ahsanteni, mwitikio umepanda kwa asilimia ishirini na tano ndani ya dakika moja, na bado sijaanza kusema.

Kwa jina naitwa Mheshimiwa Yeremia Oscar, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Maandalizi ya Awali ya Chuo cha Taaluma za Haki Jinai na Usimamizi wa Sheria, Kanda ya Milima ya Uluguru, kwa kifupi CHATAHAJIUSHEKAMIU, jina ambalo lenyewe lilitugharimu semina mbili na mtu mmoja kulazwa. (Sauti: "Rudia!") Sirudii, muda hautoshi.

Ndugu wananchi, miaka miwili iliyopita nilipanda mlima huu, kwanza kwa gari mpaka barabara ilipoishia, halafu kwa bodaboda mpaka bodaboda ilipokata tamaa, halafu pale mtoni nikapanda mgongo wa Ndugu Sufiani, ambaye leo namtambua kama mdau wa uchukuzi. (Sufiani anashika kiuno.) Nilipofika nikakuta vijana wenye vipaji vya kuzaliwa, mmoja anafaa upelelezi, mwingine magereza, mwingine uhamiaji ukimtazama tu anavyokataa watu, lakini wote hawana vyeti, wamekaa. Nikajiuliza kwa uchungu wa kizalendo: kwa nini kijana wa Luhembe ashuke mpaka Msamvu akapande basi la kwenda kusomea haki jinai ugenini, wakati haki jinai yenyewe inaweza kupanda mlima ikamfuata? Hapo ndipo maono yakanishika, yakakataa kuniachia hata nilipokula.

Tukaagiza vifaa aina mia moja na arobaini na tatu: maabara ya forensiki, kompyuta, pingu za mazoezi, madawati, mabati, saruji, yaani kila kitu cha hadhi ya intaneshino. Na nina furaha kuwatangazia kwamba utepe ulifika. Utepe wa njano, mita mia tano, umeandikwa kwa herufi kubwa ENEO LA TUKIO, USIVUKE. Siku hiyo hiyo, kwa mikono yangu hii, niliuzungusha kwenye shamba hili la matuta ya ngazi mnaloliona nyuma yangu, kutoka mgombani mpaka kijitoni, likawa kiwanja cha chuo, na tangu siku hiyo, mvua za vuli na za masika, misimu minne kamili, utepe ule haujavukwa na mguu wala jembe. (Bi Pili, mwenye shamba: "Na maharage yangu je? Tunakula utepe?")

Mama yangu Pili, tulia, nitakufikia, wewe ni stekiholda namba moja. Nasema hivi, maharage yanaiva miezi mitatu yanakwisha, taaluma haiivi leo wala kesho. (Bi Pili: "Tumeona!") Ahsante kwa kuona.

Na wasije watu wakasema kiwanja tulikipora. Taratibu zilifuatwa zote. Ninayo hapa karatasi yenye dole gumba la mwenye nyumba, Mzee Mwinshehe, mume wa Bi Pili. (Kicheko kikubwa. Mzee Mwinshehe anasimama: "Mheshimiwa, mie hapa nimeoa tu. Nilikuja na panga langu na redio. Shamba ni la ukoo wa mke wangu, huku kwetu ardhi inashikwa upande wa mama, hata mtoto wa chekechea anakwambia. Na hilo dole niliweka kwenye karatasi ya mahudhurio, mlisema asiyeweka hapati soda.") Ahsante sana mzee kwa kuthibitisha mbele ya umma kwamba dole ni lako. Soda ulipata? ("Nilipata. Ya moto.") Basi. Kitaalamu hiyo inaitwa ushirikishwaji wa jamii, na mahali pengine watu wanashirikishwa bila soda.

Sasa nije kwenye taaluma, maana hapo ndipo tumewaacha wengine kwa mbali. Kwa kuwa wakufunzi kumi na wanane walikuwa bado kwenye mchakato, na mpaka leo mchakato haujawaachia, nililazimika kufundisha mwenyewe. Nilifundisha kozi nzima ya miaka miwili kwa muda wa saa mbili na nusu, chini ya turubai la harusi, nikawaachia fotokopi. Niliwaambia: wanangu, mkifika kwenye eneo la tukio, kwanza zungusheni utepe. Pili, yeyote mliyemkuta ndani ya utepe, awe mkubwa awe mdogo, hatoki mpaka atoe maelezo yake yaandikwe. Tatu, kwenye kundi la watu, anzeni kumhoji yule anayeongea kuliko wenzake wote, maana huyo ana jambo lake. Wakaandika. Ile fotokopi wameisoma miezi ishirini na mitatu mpaka wino umehamia vidoleni.

Mafunzo kwa vitendo nayo hatukuyaacha. Gwaride walipiga na mipini ya majembe. Kwa upande wa kikosi cha mbwa, tulimchukua mbwa wa Bwana Paulo, akapewa mfuko mtupu wa saruji anuse, aende akatafute ile iliyokuwa ndani. Ndugu zangu, mbwa yule alishuka mlima wote, akapita sokoni bila kugeuka kwenye nyama, akaenda kukaa mbele ya geti la nyumba yangu mpya mjini. (Miluzi. Mbwa anabweka.) Mnaona? Ni ushahidi wa kisayansi kwamba hata mnyama anajua uongozi bora unakaa wapi.

Takwimu zinajieleza. Tulianza na wanafunzi tisa. Mmoja aliacha, yuko Msamvu anaita abiria, tumemwandika chini ya Intelijensia ya Usafirishaji. Wa pili aliacha, analinda miwa Turiani, amepewa na buti. Maana yake walioacha chuo wote wameajiriwa, asilimia mia moja! Nionyesheni chuo kingine nchi hii chenye rekodi hiyo. (Mzee mmoja: "Basi waliobaki nao waache!") Mzee, hoja yako nimeipokea, tutaifanyia upembuzi.

Lakini leo kipekee nimtaje mwanafunzi bora, Shadya, binti wa Bi Pili. Mtakumbuka mama huyu alikubali kungoja kwa sababu nilimpa neno langu: mama, vumilia shamba, binti atatoka hapa amevaa gwanda. Na amehitimu! Cheti chake ninacho mfukoni, kimekamilika, kimebakiza muhuri, na muhuri unangoja usajili, na usajili unangoja mwombaji. Shadya mwanangu, simama wakuone.

(Shadya anasimama: "Shikamoo mheshimiwa." Marahaba mwanangu. "Cheti mie nimekisamehe, mheshimiwa. Naomba kuuliza shamba tu. Mvua zinaanza wiki ijayo, mbegu mama alizozificha ni za mwisho, zikipita msimu huu zinaliwa na funza. Mama analima lini?")

Swali zuri, limeulizwa kisomi, na linaonyesha kozi imeiva. Jibu: hivi karibuni. Utepe utaendelea kukaa miaka mitatu tu, kwa ajili ya Awamu ya Pili, ambayo ni kufikiria upya Awamu ya Kwanza. (Manung'uniko. Akina mama wanainuka na majembe yao.) Naona mnanipigia makofi mkiwa mmesimama. Sikustahili, lakini napokea.

Na tazameni pale! Tazameni uzalendo! Shadya na wenzake wamekwenda kwenye vigingi, wanakusanya utepe wetu kwa heshima, bila kukatika hata sentimita. Na sasa wanauleta huku mbele. Jamani, hili halikuwa kwenye ratiba, mmenishtukiza. Utepe wa uzinduzi! Pitisheni hapo mbele ya meza, hivyo hivyo. Na huku kulia. Na nyuma yangu pia? Sawa, uzinduzi wa pande zote nne, hii ni kali. Ndugu Sufiani, niletee mkasi.

(Majembe yanasikika shambani.) Na msingi umeanza kuchimbwa! Bi Pili mwenyewe yuko mstari wa mbele, anachimba vishimo vidogo vidogo, anatupia kitu humo, nadhani ni kokoto. Mama, ahsante! (Bi Pili: "Endelea tu mheshimiwa, usikatishe hotuba!") Sikatishi!

Kwa hayo machache, tuseme wote kwa sauti. Haki Jinai! ("Milimani!") Taaluma! ("Bila muhuri!") Chuo! ("Kiko wapi?") Mngesema hoyee, lakini nimewaelewa. Ndugu Sufiani, mkasi.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru ninyi nyote mliohudhuria mahafali haya ya kwanza ya chuo chetu, chuo ambacho barua ya kuomba fomu ya kuomba kibali cha kukianzisha nitaiandika leo hii hii nikishafika mjini, Mungu akipenda, maana hizi siku mbili tatu nilikuwa sina kalamu. Mungu ibariki Luhembe. Ahsanteni kwa kunisikiliza, sasa mnipishe nipite, gari linaningoja.

Sufiani, mkasi jamani! (Ndugu Sufiani yuko shambani, amevua koti, ameshika jembe.) Shadya mwanangu, inua huo utepe kidogo baba yako apite.

(Shadya anafungua daftari. Mbwa wa Bwana Paulo anakuja kukaa mbele ya meza. "Hairuhusiwi, mheshimiwa. Uko ndani. Tuanze taratibu. Jina lako kamili tunalo. Sasa, ile saruji?")