Malalamiko Dhidi ya Mteja Aliyeshika Boneti Kabla ya Kunipa Mkono

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sijawahi kukuandikia kwa ubaya, ila leo umenilazimisha. Ukurasa wako wa magari ulifundisha watu namna ya kukagua gari la dizeli lililotumika kabla ya kulinunua. Hukufikiria kwamba hata sisi wauzaji tuna moyo.

Ninauza pikapu iliyonilelea watoto. Juzi alikuja mteja, mama mmoja mkunga, makala yako ameikunja ndani ya mkoba. Yaliyonipata ni haya:

1. Tulipatana aje saa nne. Akabisha hodi asubuhi mbichi, mimi bado nina mswaki mdomoni. Badala ya kunipa mkono, aliweka kiganja kwenye boneti kama anayepima homa. "Afadhali, bado ya baridi," akasema. Ndugu Mhariri, mimi wageni wangu huwa nawapashia injini moto kabla hawajafika, ili iwaitikie mara moja. Huo ni ukarimu.

2. Aliiwasha mwenyewe. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Ilipokubali, moshi ulifunika nguo zote za jirani kambani. Nikamweleza kwamba ni umande. Akaniuliza, umande gani mweusi?

3. Injini ikiwa inaunguruma, alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukiweka juu ya tundu lake. Kikaanza kucheza, kisha kikaruka. "Inapumua kwa shida," akaninong'oneza, kama vile mimi ni ndugu wa mgonjwa. Nikajikuta nimevua kofia.

4. Mita inaonyesha kilomita chache, kwa kuwa yenyewe ilichoka mapema. Mama huyu akatazama pedali ya klachi, mpira umelika hadi chuma kinang'aa, kisha akanitazama mimi. Akaandika kitu pembeni mwa makala yako. Heri angesema.

5. Hili ndilo limenikata maini. Alimgeukia mke wangu, akamuuliza gari huwa linawakaje. Mke wangu, ambaye sijawahi kugombana naye mbele ya watu, akajibu, "Tunalisukuma, dada. Mimi na wanangu nyuma, baba yao kwenye usukani." Wakacheka hadi wakashikana mabega. Wakanywa chai. Mteja akaondoka na namba ya simu ya mke wangu. Yangu hakuitaka.

Kwa hiyo naomba uchapishe masahihisho. Gari likaguliwe baada ya kununuliwa, mnunuzi akiwa kwake, peke yake, ambako hatamuumiza mtu. Wakunga wabaki na wajawazito. Na siku ya mauzo, mke wa muuzaji awe amekwenda kuwasalimia wazazi wake.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa na mlinzi wa getini. Mwandishi wa makala ile msalimie pia, lakini kidogo.

Wako mwenye majonzi,
Baba Mapacha

Tanbihi: Pikapu imechukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, muungwana asiyeuliza maswali. Jumamosi naenda kuangalia nyingine, ya dizeli vilevile. Muuzaji ni mkarimu kupita kiasi, na amenisihi nisifike kabla ya adhuhuri. Tafadhali nitumie nakala ya ile makala upesi. Mke wangu ameshazungumza na yule mkunga, naye amekubali. Tunaondoka alfajiri, sote watatu.