Mbolea ya Mara Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza: Jumapili atakagua kabichi zetu. Mwenye kabichi nzuri anapewa shamba la karibu na kisima. Mwingine anapelekwa kule kwenye mawe. Yaani mimi au shemeji, kaka wa mke wangu, anayepalilia huku akipiga mluzi. Mluzi ule unanichefua! Nimekwenda duka la pembejeo. Muuzaji kanipa mbolea inayojiachia polepole. Eti kila punje ina ganda, inalisha mmea miezi mitatu, mvua haiisombi. Shemeji kanunua hiyo hiyo. Mfuko umeandikwa: WEKA MARA MOJA. Nimeweka mara moja. Hata chai sikunywa.

Jumanne, 4 Machi
Kabichi ni zile zile! Nimerudi dukani, muuzaji akauliza nilitegemea nini kwa siku moja. Huyo ni mtu wa shemeji, sina shaka. Nimesoma mfuko tena. Mara moja! Nikakimbia shambani, nikaweka tena.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegundua njama. Ni ganda! Chakula kimefungiwa ndani, kabichi zinanusa tu. Nimechukua kinu cha jikoni, nimetwanga mfuko mwingine mzima ukawa unga. Mke wangu akauliza natwanga nini. Nikamwambia, ushindi. Akasema nikimaliza nioshe kinu. Shemeji kakaa kivulini, hajaongeza hata punje. Mvivu.

Jumamosi, 8 Machi
Majani yameungua pembeni! Nimemwagia ndoo kumi na nne. Mgongo hoi, kabichi zimelala. Mke wangu kasoma mfuko, kakaa chini, kacheka mpaka machozi. Anasema mara moja hapo si haraka. Ni mara moja: si mbili, si tatu. Sasa mtu atajuaje? Wanaoandika mifuko hawana huruma.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kasimama kwenye tuta langu. Kisha akauliza kama nilikuwa nachoma taka. Shamba la kisimani kapewa shemeji. Mluzi! Nimeumia, sifichi. Nilishachagua hata pa kuweka kiti changu.
Baadaye mama mkwe akanionea huruma. Akasema kule kwenye mawe nijaribu tena kabichi, na mbolea ile ile, ila safari hii niweke mara moja.
Mara moja! Mama kasema mwenyewe. Miche sina bado, itafuata. Nimeshabeba mfuko, jembe na kinu.