Pikapu ya Bahati na Pikipiki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi ni mtu wa bahati. Sisemi kwa majivuno, nasema kama mtu anavyosema ana masikio mawili. Pikapu yangu niliipata kwenye bahati nasibu ya duka la matairi: tiketi moja, watu mia nne, jina langu likatoka la kwanza. Wengine hutafuta magari. Mimi gari lilinitafuta.

Na si gari hivi hivi. Taa za mviringo, kama macho ya mtu aliyesikia habari njema. Gia kwenye usukani. Kiti kimoja kirefu cha watu watatu, mkipatana sawa, mkigombana hakuna pa kujitenga. Bodi ndefu, tambarare, yenye ndoano za kamba pande zote, chuma cha siku zile watu walipokuwa hawabanii chuma. Tuna umri mmoja. Yeye ana kutu kidogo, mimi nina kitambi. Nambebea seremala makochi na vitanda, na wateja hutoka nje kuangalia gari kabla ya kuangalia kitanda.

Leo baba mkwe kapiga simu. Pikipiki imekamilika. Miaka sita amekuwa akiiunga bandani kwake, skrubu kwa skrubu, ile ile aliyoshindania mbio za matope na vilima enzi zake, walipokuwa wakimwita Vumbi kwa kuwa wapinzani hawakuona kitu kingine chake. Jumapili kuna mbio za pikipiki za zamani uwanja wa kilimani. Goti lake linapasuliwa mwezi ujao na daktari kamwambia baada ya hapo asahau. Kwa hiyo ni Jumapili hii au basi tena. Pikipiki yenyewe haina taa, haina honi, haina ruhusa ya kukanyaga lami. Lazima ibebwe. Anauliza aibebe nani, mimi au mwanyumba wangu.

Mwanyumba ni kwamba tumeoa dada wawili. Yeye ni fundi wa pampu za maji, mpole, hajawahi kuchelewa popote, na ana pikapu mpya ya milango minne. Namwita Dabo Kebini. Mtu wa aina hiyo huwezi kumpenda hata ukijitahidi. Nimejitahidi mara mbili.

Nimemwambia baba mkwe asihangaike kuuliza. Mkwe wa kubeba ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Utafiti. Urefu wa pikipiki naujua, miiko saba. Nilipima kwa mwiko wa mama watoto kwa kuwa rula yangu ilivunjika nikipigilia msumari. Bodi yangu ni miiko minane. Swali lililobaki: bodi ya Dabo Kebini ni miiko mingapi?

Nikaenda kwake saa ambayo huwa kazini. Nikapanda bodini, nikalala chali, nikaanza kupima. Wa nne, wa tano, nikasikia mtu anakohoa. Dabo Kebini mwenyewe, alikuwa kasahau spana. Akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia napita tu. Nimelala chali ndani ya gari lake, nina mwiko mkononi, napita tu.

Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na tepu ya kupimia, akanishikia ncha ya pili. Miiko mitano, basi. Milango minne imekula bodi yote. Pikipiki ya baba mkwe humo itatoa makalio nje kama mtoto kwenye beseni. Nilifurahi mpaka nikasahau kuficha.

Akanisindikiza hadi kwenye pikapu yangu, akanifungulia mlango. Mlango wangu una ukaidi wake, lazima uunyanyue kidogo kabla ya kuvuta, na hakuna aliyewahi kuuweza mara ya kwanza. Yeye aliunyanyua, akavuta, ukafunguka. Bahati ya mgeni. Kisha akapitisha kiganja juu ya boneti polepole, kama mzazi anayemtembelea mtoto shule ya bweni. Akasema nimeitunza vizuri. Nani kamuuliza?

Jioni mama watoto kauliza kwa nini mwiko unanuka dizeli. Nikamwambia sayansi ina gharama zake. Akasema basi leo nitakula sayansi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango mkubwa. Baba mkwe alisema niifuate Jumamosi. Nimeifuata leo. Mwanyumba akija kujipendekeza, akute kiti kina mtu.

Lakini pikipiki ile, jamani. Tangi la aluminiamu limesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Namba kumi na saba imepakwa upya kwa mkono wake mwenyewe, mkono unaotetemeka, lakini namba imenyooka. Akaiwasha ili nisikie. Moshi wa buluu, harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, na mlio kama wa mtu anayepasua shuka refu lisilo na mwisho. Mzee alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa mdundo. Goti bovu nalo lilikuwa likitikisika.

Pikapu huwa anaiona kwa mbali tu, leo kaikaribia. Akaizunguka. Akapanda kwa shida, akakaa kwenye kiti, akashika gia ya usukani. Akasema walikuwa na moja kama hii, vijana watatu na pikipiki tatu, na safari za mbali walilala bodini katikati ya magurudumu. Wawili wameshatangulia. Akasema hakutegemea kuingia tena gari la namna hii. Mimi hapo nilikuwa nakagua tairi, vumbi limeniingia machoni.

Tukaipandisha kwa ubao. Akanipa wosia: niifunge kama unavyomfunga mbuzi, asiruke lakini apumue. Na nikifika tu, nilegeze kamba. Nikaitikia ndiyo baba mara nne.

Nilipofika nyumbani nikaiangalia. Imesimama kwa madaha, inayumba kidogo. Mimi mizigo yangu haiyumbi. Makochi hayapumui na hayajawahi kulalamika. Nikakaza kamba zangu nyekundu, nikakaza tena, nikaweka mguu kwenye ukingo wa bodi nikavuta, mpaka shokapu za mbele zikazama zote na pikipiki ikainamisha kichwa kama inayosali. Haichezi hata ukiisukuma. Kazi ya Jumapili nimeimaliza Jumatano.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku nzima mjini na mzigo wangu. Kinyozi, sokoni, seremala, kwa kinyozi tena. Watu wamejaa. Mwanamke muuza vitunguu kasema pikapu na pikipiki zinafanana kama mtu na nduguye. Huyo mama ana jicho. Wakaniuliza gari nililipata wapi, nikawasimulia bahati nasibu. Watu mia sita, tiketi moja.

Kituo cha mafuta nikakutana na Dabo Kebini. Akaangalia shokapu, akaangalia kamba, akaniuliza kwa upole kama huwa nailegeza nikiegesha. Nikamwambia samaki hafundishwi kuogelea. Akasema haya, mwanyumba. Akaondoka. Haya yake inaudhi kuliko tusi.

Ijumaa, 8 Agosti

Gari limegoma kuwaka. Si tatizo, ndiyo maana siku zote naegesha kwenye mteremko. Mama watoto huwaambia watu naegesha pale kwa kuogopa kusukuma. Uongo. Naegesha juu ili gari lione mandhari.

Asubuhi nikaona utelezi bodini chini ya gurudumu la mbele la pikipiki. Oili. Nikapangusa kwa fulana ya zamani. Adhuhuri ipo tena. Gari la zamani lisilovuja ni gari lisilo na kitu ndani, kila fundi anajua. Ingawa pikapu injini iko mbele na oili iko nyuma. Nimelifikiria hilo kidogo, kisha nikaenda kula.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Baba mkwe alikuja saa tatu, kaletwa na Dabo Kebini. Amevaa jaketi lake la mbio, lile la ngozi, limembana tumboni lakini zipu imefika. Kaja kuiangalia kabla ya kesho. Akaona kamba. Akaona shokapu. Akapitisha kidole, kikatoka kimelowa oili. Akakinusa.

Aliniuliza tangu lini. Nikasema Jumatano. Akauliza bila kulegeza? Nikasema bila kulegeza.

Kumbe mle ndani mna mipira inayozuia oili, mipira ya zamani, na ukiikandamiza siku tatu inachoka na kupasuka. Bila oili shokapu hazina kazi. Ukiruka kilima kimoja tu, goti linalopasuliwa mwezi ujao linapasuka kesho.

Ningependa angenitukana. Hakunitukana. Alisema tu mbuzi amefungwa mpaka amekufa, akaenda akakaa kwenye kiti cha pikapu, akafunga mlango, akaangalia mbele kama mtu anayesafiri. Jaketi na zipu yake. Mama watoto alimpelekea chai, akarudi nayo, akaniangalia. Miaka kumi na saba ya ndoa, sijawahi kuangaliwa vile, na nimeshawahi kuuza kitanda chake.

Nikawaza njia. Kwanza nikapendekeza kujaza mafuta ya kupikia. Nikapendekeza kuifunga ile mipira kwa gundi na uzi. Dabo Kebini akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaenda kwenye gari lake akaleta kifurushi. Mipira mipya. Aliiagiza miezi minne iliyopita, akasema, kwa sababu vitu vya zamani haviombi ruhusa ya kuharibika. Alikuwa ampe mzee kama zawadi baada ya mbio.

Tukaisogeza pikapu sehemu tambarare ili afanye kazi. Akapiga magoti toka saa tano mpaka jua linashuka. Mimi nilishika spana, nikashika kitambaa, nikashika ulimi, hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa nzito. Vidole vyake ni vinene kama ndizi lakini vinaingia kokote. Mpira wa kwanza, wa pili. Akamimina oili mpya, akabonyeza usukani wa pikipiki, shokapu zikashuka na kupanda kama kifua cha mtu aliyelala vizuri. Sikumsikia hata mara moja akisema nilikuambia.

Mzee akashuka kwenye pikapu. Akabonyeza mwenyewe. Akachukua chai.

Nikamwambia mwanyumba kesho aibebe yeye, hata makalio yakitoka nje. Niliumia kulisema. Akakataa. Akasema mzee lazima afike kwa pikapu kama ya ujana wake, na mimi ndiye mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Pikapu haikuwaka. Nimeiacha sehemu tambarare, nani alaumiwe? Oili ya mwanyumba, tambarare ya mwanyumba.

Akatufunga mnyororo, akatuvuta. Mzee akadai usukani. Basi tukaingia uwanjani hivi: mbele pikapu mpya inavuta kama punda wa harusi, nyuma pikapu ya kale, baba mkwe usukanini kiwiko dirishani, mimi pembeni yake nikipungia watu, nyuma yetu pikipiki namba kumi na saba imefungwa na mwanyumba, inayumba kidogo, inapumua. Wazee wa pikipiki waliacha vikombe vyao wakaja. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunavutwa. Walishikashika ndoano, walichungulia gia, mmoja alilia waziwazi akasingizia moshi.

Mmoja akaniuliza nililipata wapi. Dabo Kebini alikuwa amesimama palepale. Mdomo ukanitangulia: bahati nasibu, watu mia tisa. Yule mzee akamgeukia, akauliza ni kweli? Mwanyumba akafuta mikono kwa kitambaa, akasema kweli kabisa, alikuwepo, jina langu lilitoka la kwanza.

Nikainama kukagua tairi. Iandikwe, halikuwa na tatizo.

Mzee alikimbia mizunguko mitatu. Alimaliza wa mwisho. Wa mwisho mbali sana, wenzake walikuwa wameshavua kofia. Lakini kwenye kile kilima cha pili alisimama juu ya pedali, magurudumu yote mawili yakaacha ardhi, kiasi cha kupitisha mwiko chini yake, na akatua. Shokapu zikashuka, zikapanda. Vumbi likamfunika mzima. Mke wangu na dada yake walishikana mikono. Mimi na Dabo Kebini tulijikuta tumeshikana pia. Tukaachana haraka.

Alipovua kofia alikuwa na miaka ishirini na mitano. Akasema shokapu ziko laini kuliko zamani. Akatushukuru sote wawili kwa jina moja: wanangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Pikipiki bado iko bodini kwangu, naipeleka kwa mzee Jumatano. Dabo Kebini alinisisitiza niilegeze. Nimeilegeza, kabisa. Kisha upepo ukavuma mchana nikaikaza kidogo. Kidogo tu, mguu mmoja ukingoni. Upepo si mtu wa kuaminiwa.

Kwa kinyozi wameniuliza tena. Nimesema watu elfu moja na mia mbili, na shahidi ninaye, fundi wa pampu, mtu mwaminifu, muulizeni. Nimeshaanza pia kupanga mbio za mwakani, mpandaji tutampata. Nitaifuata pikipiki wiki mbili kabla, ili Dabo Kebini asiniwahi.

Mama watoto kasoma ukurasa wa kwanza wa daftari hili nilipokuwa naoga. Ameuacha wazi mezani na kaweka mwiko juu yake. Sawa.

Hapakuwa na tiketi. Duka la matairi halijawahi kuchezesha bahati nasibu, hata ya peremende. Pikapu ilikuwa ya mwanyumba, aliyoinunua mbali na kuifufua kimya kimya kazini kwake. Mwaka ule nilipofukuzwa kazi alikuja nayo asubuhi, akaniwekea ufunguo mkononi, akanionyesha mlango unavyonyanyuliwa, akaniomba nisimwambie mtu, kisha akarudi kwake kwa miguu. Habari yote ya bahati niliitunga mimi.