Msomaji Wetu wa Manaus

Jumatatu, 6 Februari 2006
Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mkuu wa shule, Bwana Penner, ametangaza kwamba kuanzia wiki ijayo saa ya chumba cha kompyuta itabaki moja tu kwa wiki, Alhamisi. Ijumaa hii ataipa darasa ambalo blogu yake inasomwa zaidi nje ya mji. Bila saa ile, blogu yangu ya jiografia ndiyo basi. Tangu Septemba ina maoni matatu. Mawili ya mama yangu, la tatu la muuza dawa ya upara. Bi Thordis wa sayansi ana profesa mstaafu anayejibu maswali ya watoto wake kuhusu barafu ya ziwa. Nimeingia kwenye blogu yake nikitafuta makosa. Nimesoma makala kumi na tatu, perogi zangu za unga na viazi zikaungua jikoni. Mwanamke huyu kazi anaijua, Mungu anisamehe kwa kukiri.

Jumanne, 7 Februari
Nimemzua João wa Manaus, Brazili, mpenzi wa jiografia. Ametuandikia mchana, saa ya chakula, mimi nikiwa nimejifungia darasani. Watoto wamepagawa. Cody, ambaye hajamaliza sentensi tangu shule ifunguliwe, kaomba kukosa mazoezi ya magongo ili amjibu. Kaandika, kafuta, kaandika upya mara nne. Machozi yalinilenga. Kisha nikajipongeza.

Jumatano, 8 Februari
João sasa ana ndugu watatu, wote wasomaji wetu. Leo ameomba radhi kwa kuchelewa kujibu: jana usiku alisahau kuchomeka gari kwenye umeme, asubuhi injini ikagoma. Nimeona ni mkosi unaompata kila mtu. Uandishi ni vitu vidogo kama hivyo.

Alhamisi, 9 Februari
Tessa kanyoosha mkono kwa adabu zote. Kasema baba yake huchomeka gari ili injini isigande. Kisha kauliza, “Mwalimu, huyo João analaza gari lake kwenye friji?” Darasa likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, na hilo halikusaidia. Saa nzima ya kompyuta wametafuta hali ya hewa ya Manaus, joto mwaka mzima, wakachora grafu, wakalinganisha saa za maoni na ratiba ya shule. Kufikia kengele makala ilikuwa mtandaoni, imesainiwa na wote ishirini na wawili. Inasema: João hayupo. Aliyemzua anaishi penye baridi kali, huandika sisi tukila, na hufunga kila sentensi kwa nukta tatu kama mwalimu wetu. Hakuna tusi hata moja. Kila dai na ushahidi wake. Miaka kumi na tisa ya chaki sijapokea kazi nzuri kama ile! Nimeichapa, nimeibandika jikoni.

Ijumaa, 10 Februari
Bi Thordis kampelekea profesa wake makala ile, profesa kawapelekea wenzake. Asubuhi maoni sitini na moja, likiwemo la mwalimu wa Brazili, wa kweli kabisa, anayetaka darasa lake liandikiane na letu. Bwana Penner kaniita. Saa ya kompyuta wamepewa watoto wangu. Neno la siri la blogu kapewa Bi Thordis. Nikaamriwa kuomba radhi hadharani. Cody kanirudishia rasimu mara mbili, eti haina ushahidi wa kutosha kwamba najuta. Bi Thordis, aliyepoteza saa yake, hakunisimanga. Kaniletea kahawa, kasema mtoto huandika kwa moyo akijua anasomwa na binadamu halisi. Nimemwambia sijasikia neno la busara kama hilo mwaka mzima. Nilisema kweli.

Jumamosi, 11 Februari
Blogu ya Bi Thordis imepata maoni mawili tu wiki hii. Inaniuma. Mtu mwema kama yule hastahili. Nimemzua Amparo wa Cebu, Ufilipino, mpenzi mkubwa wa barafu ya ziwa. Hana gari.