Mizizi ya Intaneti

Siku mafundi wa kampuni walipopandisha ruta mpya hadi chumba cha Bibi wa ghorofa ya pili, Injinia alikuwa dirishani kwake, ghorofa ya tatu, akipiga mswaki. Aliwaona wakiingia na ruta, akawaona wakitoka bila ruta, akasahau kutema.

Tuelewane mapema: Injinia hakuwa injinia. Uhandisi wake wote ulikuwa bisibisi moja iliyokaa kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu. Mafundi hawajamaliza ngazi, yeye keshapiga hodi.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kukagua usalama."

"Marahaba, baba. Usalama wa nini?"

"Wa intaneti. Hawa wamekufungia ikiwa tupu, haina mizizi. Upepo wa kwanza tu, inapeperuka."

Bibi akaitazama ruta kwa huruma. Alikuwa ameiagiza kwa sababu moja tu. Mjukuu wake, aliyezaliwa ng'ambo na ambaye Bibi hajawahi kumbeba, alikuwa karibu kutembea, na Jumamosi saa nne asubuhi angesimamishwa mbele ya kamera ili bibi yake aone hatua ya kwanza.

"Mimi zamani nilikuwa nashughulika na nyaya..."

"Zamani ni zamani, Bibi. Nyaya za siku hizi zina dharau."

Ruta ilikuwa na matundu manne. Moja likaenda kwenye kompyuta ya Bibi. Kutoka kwenye mengine matatu Injinia akavuta "mizizi" kupitia dirishani: mmoja ukashuka kwa Kinyozi, wa pili ukavuka uchochoro hadi kwa Muoka Mikate, na wa tatu, kwa unyenyekevu mkubwa, ukapanda chumbani kwake. Juu ya ruta akaweka kisanduku cha plastiki chenye taa ya baiskeli ndani, inayowaka na kuzima.

"Hiki ni chujio," alisema. "Kinazuia vumbi."

Tangu hapo Kinyozi akawa anamnyoa Injinia bure kila asubuhi, na Muoka Mikate akawa anampa mkate wa moto. Kwa siku chache mtu huyu aling'aa kidevu na kunenepa mashavu, kama mtu mwenye kazi.

Jumamosi ikafika. Saa nne, mjukuu akatokea kwenye kioo ameshikilia kiti. Akaachia. Akainua mguu. Akaganda.

Dakika tano mguu uko juu. Picha iliporudi, mtoto alikuwa ameketi na watu wote kule wanapiga makofi.

"Mama, umeona?" binti yake akauliza.

"Nimeona, mwanangu," Bibi akasema, na hakuwa ameona kitu.

"Anasinzia sasa. Saa sita atakuonyesha tena."

Bibi akavaa miwani. Ambacho Injinia hakumwacha amalizie siku ile ni kwamba miaka thelathini na moja alikuwa opereta wa simu, akichomeka na kuchomoa nyaya kwenye ubao wenye matundu mia mbili. Na opereta asiyejua waya unakwenda wapi hasumbuki kuufuata. Anauchomoa, kisha anasikiliza nani atapiga kelele.

Akachomoa wa kwanza.

"Mpira umekata!" Kinyozi akalia huko chini.

"Nimalizie kwanza!" sauti nyingine ikamsihi.

"Nikumalizie nini? Tulikubaliana intaneti kwa ndevu. Hakuna intaneti, hakuna ndevu!"

Akachomoa wa pili.

"Jamani!" Muoka Mikate akapiga ukelele ng'ambo ya uchochoro. "Ndiyo kwanza yule wa video alikuwa anataja hamira vijiko vingapi!"

Injinia akaingia mbio, shavu moja laini, la pili povu tupu.

"Bibi! Umegusa nini?"

"Nimeng'oa mizizi, baba. Mbona nikiing'oa, ndevu zinabaki nusu?"

Mkono wa Bibi ulikuwa umeshafika kwenye waya wa tatu.

"Huo usiguse, nakuomba! Ni mchezo wa treni, naupakua tangu Jumatano! Umefika asilimia tisini na tisa!"

"Kumbe ni treni yako iliyomgandisha mjukuu wangu mguu juu."

Akachomoa.

Saa sita mtoto alipiga hatua nne, akaanguka kwa makalio, akacheka. Bibi aliziona zote nne, na makalio pia.

Kinyozi na Muoka Mikate walipanda kuomba radhi, wakarudishiwa nyaya zao kwa sharti kwamba Jumamosi saa za mjukuu hakuna mtu wa kuzitumia. Mkate sasa unaishia ghorofa ya pili. Ndevu Bibi hana, kwa hiyo Kinyozi hufagia ngazi.

Jioni Injinia naye akashuka, kidevu nusu kwa nusu.

"Bibi, nimekuja kuomba laini. Na Kinyozi anasema hanimalizii bila ruhusa yako."

Tundu moja la ruta lilikuwa wazi kabisa. Bibi akamkabidhi kile kisanduku chenye taa ya baiskeli, akamwonyesha ngazi ya kukalia, na kwa ile sauti tamu ambayo zamani mji mzima uliijua, akasema:

"Samahani. Laini zote zinatumika. Tafadhali subiri."

Injinia akasubiri. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Vumbi, angalau, halikumpata.