Nani Kachukua Guanini Yangu?

Jumatatu, 6 Mei

Guanini yangu imepotea. Ijumaa, saa tisa alasiri, humu humu maabarani, Szeged, Hungaria. Nilitia vipande vitano vya asidi za urithi kwenye kichupa: adenini, guanini, sitosini, thimini, urasili. Mashine huchora kilele kimoja kwa kila kipande. Ikachora vilele vinne. Tano toa nne, moja. Imekwenda wapi?

Mchanganyiko wangu hauna kosa. Mafuta kidogo, sabuni, butanoli inayonuka, maji ya borati. Ukikoroga vizuri unakuwa mwangavu, huwezi kuutofautisha na maji. Umeme unausukuma ndani ya mrija mwembamba kama unywele, kila kipande kinatoka kwa zamu yake. Nimejifunza mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono!

Alhamisi Profesa Hajnal anakuja kutazama. Vilele vitano, nakwenda mkutano wa Pécs. Vinne, nabaki hapa kuosha vichupa.

Mshukiwa: Boglárka, mwenzangu wa maabara. Mashine ni yake asubuhi, yangu mchana.

Jumanne, 7 Mei

Nimemuuliza Boglárka, kwa ustaarabu, kama yeye ni mwizi. Akacheka mpaka akashika meza. Eti, "Kaka Bertalan, niibe guanini nikaipikie supu?" Kisha akanipa pogácsa, zile andazi ndogo za chumvi, bado za moto, mama yake kaoka. Mbinu ya kunilainisha. Nimekula nne. Sijalainika.

Akauliza sampuli nimeiyeyushaje. Kwa maji baridi, nikamwambia, kisha nikaichuja, kama mtu mwenye akili zake. Akafungua mdomo. Nikasema sihitaji somo.

Mpango: chupa ya mchanganyiko nimeibandika karatasi, MAJI. Mwizi ataipita bila kuitazama. Werevu!

Jumatano, 8 Mei

Profesa Hajnal kamwagilia miche yake ya pilipili pale dirishani. Kwa chupa iliyoandikwa MAJI. Chungu kinatoa povu!

Akataka kujua ni mwehu gani kaandika vile. Mimi nikawa natazama dari. Boglárka akasema, "Sote tumechoka, Profesa," akaibeba miche kwenda kuisuuza mizizi. Hakunitaja. Kwa nini hakunitaja? Anaficha jambo.

Nimetengeneza mchanganyiko mwingine. Vilele vinne.

Alhamisi, 9 Mei

Boglárka kaacha zamu yake ya asubuhi ili anisaidie. Sikumwomba. Kaingiza mkono kwenye ndoo ya taka, katoa kichujio changu cha jana. Unga mweupe umenata. "Mwizi wako huyu hapa, babu. Guanini haiyeyuki kwa maji matupu! Wewe unaichuja, halafu unaitupa, halafu unaililia."

Tukaanza upya. Akaidondoshea soda kali kidogo, ile ya kutengenezea sabuni, unga ukatoweka. Tukawasha. Vilele vitano, vimesimama kama minara! Profesa akapiga makofi. Akasema twende Pécs wote wawili.

Wote wawili! Mchanganyiko wangu na matone yake, nusu kwa nusu? Hesabu gani hiyo? Nimekubali, kwa kuwa yeye ndiye anayejua treni. Na miche imepona. Na anacheka vizuri. Hilo naliandika kama takwimu tu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimerudia peke yangu, ili Pécs wajue fundi ni nani. Soda kali nimetia, sikatai. Unga wote nimeuchota kwa kijiko changu cha kahawa, ambacho ni safi kabisa. Nilikilamba kwanza.

Vilele sita!

Sita toa tano, moja. Juzi wananipunguzia, leo wananiongezea. Nikamwita Boglárka. Akatazama kioo cha mashine, akatazama kijiko, akauliza kahawa nimekorogea nini. Mimi namuuliza hujuma, yeye ananiuliza kahawa! Akatoka mbio, ananicheka huko koridoni.

Nimembandikia karatasi kwenye kabati lake: Boglárka, kilele cha sita umekitia wewe, ndiyo au hapana? Nataka jibu la moja kwa moja, Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi. Uje nalo mwenyewe. Na pogácsa.